Sikinde Ukumbini

Wengi wetu tuliwajua Mlimani Park Orchestra, wana Sikinde, kupitia redio. Bendi ilianza Dar es Salaam mwaka 1978, na sauti za Muhidin Gurumo na Hassan Bichuka zikaingia kila nyumba. Lakini ukumbini ni habari nyingine kabisa. Redioni wimbo hukatwa ndio kwanza umekolea. Jukwaani, mashairi yakiisha, magitaa hushikana, tarumbeta na saksafoni huitikiana, na chemko, ile sehemu ya kuchezeka, huendelea mpaka mashati yalowe. Besi unaipokea kifuani.

Ninachokipenda kuliko vyote ni pale mama mtu mzima anapoinuka mezani, khanga kiunoni, akasogea kwa mwendo wa wimbo hadi kwa mwimbaji na kumbandika noti kwenye paji la uso. Mwimbaji hakatishi ubeti. Huinamisha kichwa kidogo, jasho likaishika noti.

Gurumo alitutoka mwaka 2014. Aliimba Sikinde, akaimba na bendi ya Msondo, na mashabiki bado wanabishana aling'ara wapi zaidi. Mimi nasema Sikinde.