Dhima ya Mwindaji Huanzia Nyumbani

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zangu, tukiulizwa kama kuwinda ni halali, tunajibu haraka: ndiyo. Na ni kweli. Qur'ani imeruhusu windo na Sunna imefundisha adabu zake. Lakini liko swali la pili ambalo hatuulizani: dhima ya mwindaji huanza lini? Ni pale mkuki unapomchoma mnyama, au ni pale alipokuwa nyumbani akiunoa?

Mnamo Juni 2020, Rafiki, gorila dume aliyeongoza kundi la Nkuringo, alikutwa amekufa katika msitu wa milimani wa Bwindi, kusini magharibi mwa nchi yetu. Umri wake ulikuwa karibu miaka 25. Uchunguzi ulionyesha alichomwa na kitu chenye ncha kali kilichofika viungo vya ndani. Mtu aliyekamatwa alieleza kuwa hakumfuata gorila. Aliingia kutafuta wanyama wadogo, akakutana na kundi, Rafiki akamjia, naye akajitetea. Alikiri makosa mahakamani, na Julai mwaka huohuo akahukumiwa kifungo cha miaka 11.

Tuchukulie alisema kweli. Hakukusudia kumuua Rafiki. Je, bado anabeba kitu?

Wengi tutakimbilia hadithi mashuhuri ya nia. Ni sawa, lakini tuisome nia yote, si ya dakika ya mwisho tu. Yule mtu alinuia kuingia mahali palipokatazwa, akiwa na silaha, katika msitu ambao magorila wake wamezoeshwa kuwaona binadamu karibu bila kukimbia. Rafiki hakuwazoea watu kwa bahati; watu ndio waliomzoesha, ili wageni waje kumtazama. Aliyeyatengeneza mazingira ya ajali hawezi kusema ajali imemkuta njiani.

Hapa Suratul Maida inatufundisha jambo. Aya ya 94 inawaambia waumini kwamba watajaribiwa kwa windo lililo karibu kiasi cha kufikiwa na mikono na mikuki yao. Mnyama ni yuleyule, mkuki ni uleule, lakini kwa aliyehirimia windo la nchi kavu limekuwa haramu. Aya inayofuata inamtaja anayeua kwa makusudi na kumwekea fidia. Wanazuoni walio wengi wakasema: hata aliyeua kwa kukosea analipa fidia, ingawa hana dhambi ya aliyekusudia. Sisemi kwamba Bwindi ina hukumu ya Haram ya Makka. Ninachukua funzo moja tu: dhambi na dhima ni vitu viwili. Dhambi hufuata moyo. Dhima hufuata tendo. "Sikukusudia" inaweza kukupunguzia ya kwanza bila kukuondolea ya pili.

Tazameni pia mafunzo aliyopewa Adiyy bin Hatim (r.a.) na Mtume (s.a.w.). Mbwa awe amefundishwa, jina la Allah litajwe anapotumwa. Ukimkuta mnyama wako amefia majini, usimle, kwani hujui kama ni mshale wako uliomuua au ni maji. Maandalizi yanatangulia, na shaka inamrudia mwindaji mwenyewe. Pimeni kwa kipimo hicho mtego wa waya. Hauchagui paa wala gorila, na aliyeutega yuko kwake amelala. Mnyama akinyongeka humo akafa kabla ya kuchinjwa, ni katika walioharamishwa na aya ya 3 ya sura hiyohiyo. Basi anayeuziwa nyama ya porini aulize mnyama alikufaje.

Atakuja ndugu aniambie: wewe uko Nakawa, chakula kiko jirani, waliozunguka msitu wana njaa. Hoja hii ni nzito. Bwindi ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991, Wabatwa walioishi kwa msitu ule waliondolewa. Mwaka 2020 corona ilifunga utalii, na riziki ya wengi ikakatika. Sheria yetu inajua dharura. Mwenye njaa huruhusiwa hata nyamafu kwa kadiri ya haja. Lakini kanuni ya mafakihi inasema dharura haibatilishi haki ya mwingine. Na tukiitaja njaa, tusiitaje nusu. Kama taifa linapata fedha kwa mlima fulani, walionyimwa mlima huo wana haki katika fedha hizo. Asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi imetengewa jamii jirani. Kuhakikisha inamfikia mwenye njaa ni dhima vilevile, na dhima hiyo haiko msituni. Iko mijini, kwa wenye madaraka na kwa sisi tunaojiandaa kuyashika.

Na aliyelipia kibali cha kuwinda kwa starehe? Kibali kinamjibu askari wa hifadhi. Hakijibu swali la Mtume (s.a.w.), aliyemlaani anayekifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Masikini aliyekosea na tajiri anayecheza, wote wawili wataulizwa walitoka nyumbani kwa sababu gani.

Wengi wetu hatutapanda mlima wowote na mkuki. Lakini mwanafunzi anayeingia kwenye mtihani na karatasi mfukoni, "ikitokea tu," ameshaunoa wake. Akibanwa na swali gumu na mkono ukaenda mfukoni, asiseme alishtukizwa.

Basi kabla ya safari yoyote tujiulize: ninakwenda wapi, kwa idhini ya nani, nimebeba nini, na nani ataumia nikikosea? Aliyejibu haya mlangoni kwake amejiandaa. Allah atujaalie kuzihesabu nafsi zetu kabla hazijahesabiwa.

Wallahu a'lam.