Historia Tunayowafundisha Watoto

Wengi hudhani kufundisha historia ni kuwakaririsha watoto miaka. Mtoto akitaja 1885, 1908 na 1960 bila kukosa, husifiwa kwamba anajua historia ya Kongo. Lakini misumari peke yake si nyumba.

Mwaka wa shule ni mfupi, nayo mambo ya zamani ni mengi. Basi, apangaye masomo achague yapi? Wengine husema: yenye sifa tu, watoto wapate kuipenda nchi yao. Wengine: mateso tu, wasije wakasahau. Wote huficha nusu ya kweli.

Tutazame habari za Msiri wa Bunkeya. Alitoka Unyamwezi, akaitawala Katanga, akafanya biashara ya shaba, pembe za ndovu na watumwa. Alikataa bendera ya mfalme Leopold II. Tarehe 20 Desemba 1891 alipigwa risasi na Bodson, afisa wa msafara wa Stairs, naye Bodson hakupona. Je, Msiri alikuwa shujaa au mdhalimu? Mwalimu na aseme yote mawili: alikataa kunyang'anywa nchi, ni kweli, na mwaka uleule Basanga walikuwa wamemwasi kwa kuchoka na utawala wake, nayo ni kweli. Kumheshimu marehemu si kumfanya malaika.

Tena katika darasa moja mjukuu wa Bayeke na mjukuu wa Basanga hukaa benchi moja. Ukifundisha nusu, mmoja atarudi nyumbani na majivuno, mwenzake na uchungu. Ukifundisha yote, watatazamana kama watu.

Kwa hiyo mpango mwema ni huu. Kwanza, uanze karibu: kijiji, mto, machimbo, masimulizi ya wazee. Kisha uende mbali. Pili, uchague mambo machache, uyachimbe sana. Tatu, umzoeze mtoto kuuliza kila habari: Nani asema? Alikuwako? Alipata faida gani kwa kusema hivyo? Mtoto wa namna hiyo hatadanganywa upesi na mchochezi atakapokuwa mtu mzima.

Amri ya nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo. Jirani aliyekufa hawezi kujitetea. Basi, deni letu kwake ni kubwa zaidi. Wazazi, mtoto akirudi shuleni msimwulize tu amepata alama ngapi. Mwulizeni: Leo umesikia habari za nani, na nani mwingine hajasikilizwa?