Gari Mjini: Dharura, Haja au Pambo?



Ndugu zangu katika imani, kuna neno moja ambalo sisi vijana tunalitumia kwa wepesi mno, nalo ni "lazima". Muulize mwanafunzi wa mwaka wa mwisho atafanya nini akipata kazi. Wengi watakujibu: kwanza gari, kwa sababu hapa Kampala gari ni lazima. Katika mazungumzo ya barazani maneno hayo hayana ubaya. Lakini kwetu sisi tunaosoma fiqhi, anayesema kitu fulani ni dharura amefungua mlango mkubwa, kwani wanazuoni wamekubaliana kwamba dharura huhalalisha kilichokatazwa. Ndiyo maana siku hizi nawasikia ndugu wakisema kuwa mkopo wa riba wa kununulia gari unasameheka, "kwa sababu ya dharura". Ikifika hapo, hatuzungumzii tena usafiri tu. Tunazungumzia dini ya mtu.

Kwa hiyo nauliza: je, mkazi wa mji kama wetu analazimika kweli kumiliki gari?

Madaraja matatu

Imam Shatibi wa Granada, aliyefariki mwaka 790 Hijria (1388), aliyapanga maslahi ya binadamu katika madaraja matatu. La kwanza ni dharura, yaani yale ambayo yakikosekana dini, nafsi, akili, kizazi au mali huangamia. La pili ni haja: yakikosekana mtu haangamii, lakini huingia katika uzito na dhiki. La tatu ni mapambo, yanayoyafanya maisha kuwa mazuri zaidi.

Uislamu haukulichukia daraja la tatu. Aya ya 8 ya Suratun-Nahl inawataja farasi, nyumbu na punda kuwa ni vya kupanda na pia ni pambo. Imepokewa pia kwamba Mtume (s.a.w.) alikihesabu kipando kizuri miongoni mwa mambo yanayomletea mtu furaha hapa duniani. Basi asije mtu akasema kwamba kupenda gari ni dhambi. Kosa ni kulichukua pambo tukalivisha kanzu ya dharura.

Tuipime Kampala

Kilicho dharura ni kufika: kufika kazini, hospitalini, darasani. Kumiliki chombo kinachokufikisha ni jambo jingine. Mji huu una taksi za abiria 14, una boda boda kila kona, na una miguu. Sisi tunaoishi Kibuli, Nsambya au Kabalagala tunaweza kutembea hadi darasani. Na mwenye kutembea asijione duni. Banu Salima walitaka kuhamia karibu na msikiti wa Madina, Mtume akawaambia wabaki makwao kwa kuwa hatua zao zinaandikwa.

Halafu tazameni hesabu ya barabara. Abiria 14 wa taksi moja wakiamua kila mmoja aje na gari lake, hata gari likiwa na urefu wa mita 4 tu, msururu wao utapita mita 50 bila kuacha nafasi kati ya gari na gari. Foleni ya Jinja Road tunayoilaani kila asubuhi tunaitengeneza wenyewe, na anayenunua gari ili akimbie foleni huenda kuirefusha.

Na gari halimalizi gharama zake siku ya kununuliwa. Lipo suala la mafuta, bima, matairi, maegesho na fundi, hasa kwa kuwa mengi tunayonunua yameshatumika Japani kwa miaka. Sheria ya mwaka 2018 inaruhusu kuingizwa hata gari linalokaribia umri wa miaka 15. Mafuta nayo hutujia kupitia Kenya. Januari 2022 malori yalipokwama mipakani Busia na Malaba kwa sababu ya vipimo vya Korona, bei ya petroli ilipanda ghafla, na wenye magari wengi walirudi kwenye taksi.

Hoja za upande wa pili

Wapo watakaosema: wewe ni kijana huna familia, ndiyo maana unasema hivyo. Hoja hii ina haki ya kusikilizwa. Dada anayetoka zamu ya usiku hospitalini na kusimama peke yake stendi, mzee mwenye ulemavu ambaye hawezi kupanda boda boda, baba mwenye watoto wanne wa kupeleka shule mbili tofauti: hawa wana haja ya kweli, na hakuna wa kuwalaumu wakitafuta gari.

Wengine wataniambia, kwa elimu, kwamba wapo wanazuoni waliosema haja nayo huweza kushushwa mahali pa dharura. Ni kweli. Lakini hawakuliacha jambo hilo wazi. Dhiki iwe ya kweli, isiwe ya kudhaniwa, na pasiwepo njia ya halali. Sasa njia za halali zipo. Mtu anaweza kuweka akiba. Ndugu wawili wanaoishi jirani wanaweza kununua kwa ushirika. Sheria ya mwaka 2016 iliruhusu benki za Kiislamu nchini Uganda, na Salaam Bank ilipata leseni mwaka 2023. Hata hivyo deni la halali nalo ni deni, na Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na uzito wa deni.

Kwa maoni yangu, kinachotusukuma wengi wetu ni macho ya watu. Kijana akienda kuposa, huulizwa amekuja na nini kabla ya kuulizwa anasali wapi. Anayeshuka kwenye gari huitwa "boss" na anayeshuka kwenye taksi haitwi kitu. Suratut-Takaathur imetuonya juu ya kushindana kwa wingi mpaka kaburini. Hili wazee wetu pia walisaidie, kwa sababu kijana hawezi kuvunja desturi peke yake.

Ukishalipata

Tuseme Mwenyezi Mungu amekuruzuku gari kwa halali. Mas'ala hayajaisha, yamebadilika tu. Katika Hadithi aliyoipokea Abu Said al-Khudri, iliyomo katika Sahih Muslim, Mtume (s.a.w.) aliwaagiza wenye kipando cha ziada wampe asiyekuwa nacho. Je, viti vinne vitupu vinavyopanda mlima wa Kibuli kila asubuhi si ziada? Jirani yako anaelekea huko huko, chini ya mvua. Na siku ya Ijumaa, tunapoegesha magari mbele ya msikiti mpaka boda boda na mgonjwa wanakosa pa kupita, tukumbuke kwamba kuondoa udhia njiani ni katika imani. Sasa vipi mwenye kuuweka, tena akielekea kwenye Swala?

Rai yangu basi ni hii. Kwa mkazi wa mji wenye usafiri, gari kwa asili yake ni pambo, kwa baadhi ya watu hupanda likawa haja, na ni nadra sana kufika dharura. Kila mmoja ajipime mwenyewe kwa ukweli, kabla hajatia saini karatasi ya benki. Saini huandikwa kwa sekunde moja, lakini riba yake hulipwa kwa miaka, na hesabu yake ipo mbele ya Mola.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.