Aibu ya Pikipiki na Haki ya Abiria

Mtu anaponunua kitu kilichokwisha kutumiwa na mwenziwe, je, kukipekua na kuuliza habari zake ni haki yake tu, awezayo kuiacha apendapo, au ni wajibu uliomkalia shingoni, ambao akiuacha atakuwa amekosa mbele ya Mungu na mbele ya watu? Swali hili huonekana dogo maadamu kitu chenyewe ni meza au kikapu. Walakini katika mji wa Goma, nchini Kongo, ambako riziki ya vijana wengi mno imepanda juu ya magurudumu mawili, na ambako mgonjwa, mwanafunzi na mama mwenye mzigo wa soko wote hupelekwa na motari, yaani mwendesha pikipiki, limekuwa swali la uhai na mauti.

Wako wachamungu wanaoona haya kuchunguza. Husema: muuzaji ni ndugu yangu katika imani, tumesali safu moja, au tumekaa benchi moja kanisani, nikianza kupima mnyororo na kusoma nambari za chasisi nitakuwa nimemdhania ubaya, na dhana mbaya ni dhambi. Rai hii ina adabu ndani yake, wala simdharau mwenye kuishika, lakini haisimami. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyomo katika sura ya Al-Baqara, yahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi, na wanaoamrishwa hapo ni waumini kwa waumini. Sijapata kusikia fakihi aliyesema kwamba kalamu ya mwandishi ni tusi kwa mdaiwa. Dhana mbaya ni kumhukumu mtu moyoni pasipo kumwuliza. Ama kumwuliza waziwazi, mbele ya shahidi, na kumpa nafasi ya kujibu, huko ndiko kumsafisha na dhana.

Asiyeijua Goma huenda asione kwa nini nasisitiza hivi. Mji huu umekaa juu ya mawe ya Nyiragongo, na tarehe 17 Januari 2002 volkano hiyo ilishusha mto wa moto uliopasua katikati ya mji mpaka ukaingia Ziwa Kivu. Juu ya mawe hayo meusi na makali ndipo watu walipojenga upya nyumba zao na kupitisha njia zao. Mtikisiko wa njia hizo husaga bilia za usukani, hulegeza spoki na kupasua chasisi penye maungio, na vumbi jeusi hupenya kwenye chujio la hewa likaila pistoni na ringi zake. Pikipiki iyo hiyo hubeba abiria wawili asubuhi na magunia ya makaa jioni. Basi TVS au Boxer iliyotoka India na kufanya kazi hiyo kwa miaka miwili haina umri mmoja na ile iliyokuwa ikimpeleka mwalimu shuleni kwa muda uo huo, na mita ya kilomita haiwezi kutoa ushahidi, kwa kuwa waya wake aghalabu umekatika zamani, au umefunguliwa makusudi.

Kwa sababu hiyo fundi mwaminifu huanza kwa kuweka kiganja juu ya injini kabla haijawashwa. Akiikuta ina joto, huuliza kwa nini imewashwa kabla mnunuzi hajafika, maana injini iliyochoka huficha uzito wake wa kuwaka pindi ikiwa moto. Kisha huiwasha na kuutazama moshi: ukiwa wa buluu, oili inaungua ndani. Baada ya hapo hupiga magoti, akapitisha kidole juu ya rangi mpya shingoni mwa chasisi, akitafuta mshono wa kulehemu uliofunikwa. Na nambari zilizopigwa hapo huzisoma moja moja, akizilinganisha na zile za carte rose, yaani kadi ya usajili, kwani nambari iliyoparwa kwa tupa yatosha peke yake kumfanya mtu mwenye akili aage na kwenda zake. Daftari la matengenezo ni nadra kulipata. Historia ya pikipiki imo vinywani mwa watu: kwa fundi aliyekuwa akiifungua, kwa motari wa parkingi ilikokuwa ikiegeshwa, kwa tajiri aliyekuwa akipokea malipo yake kila jioni, na tangu mwisho wa Januari 2025, waasi wa M23 walipoushika mji, mabenki yakafungwa na fedha zikawa zapita mkono kwa mkono, vinywa hivyo vimezidi thamani, kwa sababu mali iliyoporwa nayo yatafuta wanunuzi wasiouliza.

Muuzaji wa Goma, akishabanwa kwa maswali, aghalabu hujibu: iko vile unaiona. Maneno haya ni machache, lakini mafakihi waliyajadili kwa karne nyingi, nao waliita biashara ya namna hii kuuza kwa sharti la baraa, yaani muuzaji kujivua dhamana ya kila aibu, maana yake kila kasoro ya kitu. Imamu Malik amesimulia katika Muwatta kwamba Abdullahi bin Umar alimwuza mtumwa, kama ilivyokuwa ada nzito ya zama zile, kwa dirhamu 800, akashurutisha baraa. Mnunuzi akarudi akidai kwamba mtumwa ana maradhi ambayo hakutajiwa. Shauri likafika kwa Khalifa Uthman bin Affan, naye hakumwuliza Abdullahi kama aliandika sharti lake vema. Alimtaka aape kwamba siku ya kuuza hakuyajua maradhi hayo. Abdullahi akakataa kuapa, akampokea mtumwa wake. Baadaye mtumwa akapona, akauzwa kwa dirhamu 1,500. Kinachonivutia katika kisa hiki si faida ile ya mwisho, bali ni mahali Khalifa alipoliweka swali: katika elimu ya muuzaji, si katika ujanja wa maneno yake. Anayejua kwamba chasisi imelehemiwa, kisha akasema iko vile unaiona, anasema jambo asiloweza kuliapia.

Wakristo nao hawako mbali na hapa. Thomas Aquinas, katika karne ya 13, alifundisha kwamba aibu iliyo dhahiri, kama farasi mwenye jicho moja, si lazima itajwe ikiwa bei imepunguzwa kwa insafu, lakini aibu ya siri iletayo hatari au hasara sharti muuzaji aibainishe. Hata sheria ya mikataba ya Kongo, iliyotangazwa tarehe 30 Julai 1888, yamfunga muuzaji dhamana ya aibu zilizofichika.

Lakini wote hawa, nikiwasoma kwa heshima iwapasayo, naona waliwatazama hasa watu wawili wapatanao. Pikipiki ya Goma ina mtu wa tatu. Mama atokaye soko la Virunga, mtoto mgongoni, hakuwapo wakati mkono ulipopeanwa. Hakupunguziwa bei kwa ajili ya breki mbovu, wala hana khiari ya kuirudisha breki hiyo akiwa katikati ya mteremko. Mtu huweza kusamehe haki iliyo yake, na mnunuzi akipenda na aisamehe rangi iliyochubuka, kiti kilichotatuka na taa ya nyuma iliyopasuka. Usukani, breki na chasisi hana ruhusa ya kuvisamehe, kwa kuwa haki iliyomo humo si yake peke yake. Hapo ndipo lile swali la kwanza, kwa rai yangu, linapopata jawabu: uchunguzi ni wajibu, na uzito wake humwelemea zaidi tajiri anunuaye ili kumkodisha kijana, kwa maana yeye hukusanya fedha bila hata kuipanda.

Nitaambiwa kwamba maskini hana uwezo wa kuchagua, na kwamba pikipiki nzuri ina bei asiyoifikia. Nakubali kwamba umaskini upo. Hata hivyo anayenunua kibovu akijua ubovu wake aweza kukitengeneza kabla ya kumpakia mtu, na bei ya matengenezo akaikata katika bei ya kununulia. Asiyejua hawezi lolote kati ya hayo mawili.

Basi wewe unayekusudia kununua, nenda na fundi wako wala si wa muuzaji, ulizia parkingini, kisha shurutisha khiari ya kuirudisha, ambayo kwa madhehebu ya Imamu Shafi haizidi siku tatu. Siku tatu zatosha kuipeleka mpaka mji wa Sake na kuirudisha ukiwa peke yako, bila abiria. Na muuzaji akikataa sharti hilo, iache pikipiki yake, hata ikiwa bei ni rahisi.