Hofu ya Mpanda Baiskeli

Asubuhi moja, nikiyakimbia malori na daladala, niliipandisha baiskeli yangu kwenye njia ya waenda kwa miguu. Sikuona kosa. Barabarani palikuwa na kifo, huku palikuwa na nafasi. Mbele kidogo, bibi mmoja mwenye kikapu alishtushwa na kengele yangu, akaruka pembeni, akaanguka. Nilimwinua, nikamwomba radhi. Aliniuliza swali moja tu: "Mjukuu wangu, na mimi nikimbilie wapi?"

Swali hilo halijanitoka moyoni.

Huko Uingereza, sheria ya mwaka 1835 ilikataza kupitisha wanyama na magari kwenye njia ya miguu, na mwaka 1888 baiskeli nayo ikahesabiwa kuwa gari. Mwaka 1999, polisi walipopewa uwezo wa kutoza faini papo hapo kwa kosa hilo, waziri Paul Boateng alieleza kwamba faini haikumlenga mwendeshaji mwangalifu anayepanda huko kwa kuogopa magari. Sheria haikufutwa, ilitiwa busara. Nao Wajerumani humtaka mtoto asiyetimiza miaka 8 aendeshe kwenye njia ya miguu, lakini awaangalie waendao kwa miguu, na ateremke anapovuka barabara.

Basi hofu ni udhuru? Naam, lakini una mpaka. Anayekimbia hatari ana haki ya kutafuta hifadhi, ila aliyepewa hifadhi ni mgeni, na mgeni hamwondoi mwenyeji kitandani. Mimi nilipiga kengele kama mwenye nyumba. Lori lilinifukuza mimi, mimi nikamfukuza bibi, naye bibi hakuwa na wa kumfukuza. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Mtu atasema: na njia ikiwa tupu? Ikiwa tupu, nani atadhurika? Nakubali, sheria haina macho ya kuona hilo. Lakini macho tunayo sisi, na ndiyo maana hatuwezi kuisingizia sheria kila tunapokosa utu.

Siku hizi barabara ikinitisha, nateremka na kuikokota baiskeli. Nachelewa dakika chache. Hofu yangu naibeba mwenyewe, simtwishi mwenye kikapu.