NYOTA ILIYOFIFIA HAIKUZIMIKA



Katika Ayubu 9:9 tunasoma kwamba Mungu ndiye Muumba wa Orioni. Kundi hilo la nyota tunaliona vizuri hapa kambini usiku wa Januari. Ndani yake zimo nyota mbili zilizo kubwa mno kuliko jua letu: Rigel ya bluu na Betelgeuse nyekundu. Tungedhani nyekundu ndiyo yenye moto zaidi. Kumbe haifikii nyuzi joto 4,000, na ile ya bluu ni karibu 12,000. Macho yetu si hakimu mzuri.

Mwishoni mwa 2019 Betelgeuse ilififia sana, watu wakasema inakufa. Wataalamu walipochunguza wakaona kwamba vumbi lililotokana na nyota yenyewe lilikuwa limeziba mwanga wake. Kufikia Aprili 2020 iling'aa tena.

Ndugu, wapo kati yetu ambao kesi zao zimekataliwa, na hawaji tena ibadani. Tumeanza kusema, "Huyo amekwisha." Tusihukumu hivyo. Juma hili tuwatembelee nyumba kwa nyumba, tukae nao, tuombe nao. Aliyemwasha bado anamwona.

Mungu awabariki. Amina.