Nyumba Isiyopita Kijijini

Mwaka 1966 kampuni ya Winnebago, katika mji mdogo wa Forest City jimboni Iowa, ilianza kuunda magari-nyumba. Miaka kumi kabla ya hapo Rais Eisenhower alikuwa ametia saini sheria ya barabara kuu za Marekani nzima, na magari hayo yalikuja kuwa saizi ya barabara hizo: marefu, mapana, yenye kitanda cha watu wawili, jokofu, jiko, bafu na choo. Ya siku hizi yana hata kuta zinazosukumwa nje gari likishaegeshwa, sebule ikapanuka. Eisenhower mwenyewe alikuwa amevutiwa na barabara kuu za Ujerumani alizoziona wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kwa hiyo anayelileta gari hili Ulaya analirudisha kwenye asili ya barabara zilizolizaa. Tatizo ni kwamba barabara kuu ina mwisho wake, na baada yake kuna kijiji.

Mengi ya magari haya yana upana wa mita 2.59, na kikomo cha kawaida cha sheria ya Ulaya ni mita 2.55. Sentimita nne tu, lakini zinatosha kumsumbua mwenye gari. Uzito unapita tani 3.5, hivyo leseni ya gari dogo haitoshi. Umeme wake ni wa volti 120 na wa Ulaya ni wa 230, lazima kuwe na transfoma. Kambi nyingi hutoa amperi 10, pengine 6, kwa hiyo ukitaka kuchemsha chai unazima kiyoyozi kwanza. Petroli inakwenda lita 30 au zaidi kwa kila kilomita 100. Mtu anayeyakubali haya yote anatafuta nini?

Wengi husema uhuru. Nadhani kuna jambo la ndani zaidi: hamu ya kutomwelemea mtu. Msafiri wa kawaida hubisha hodi. Anauliza chakula kinapatikana wapi, analalia shuka zilizofuliwa na wengine, anaoga kwa maji ya mwenyeji. Mwenye gari-nyumba anabeba tangi la maji la lita 300, jenereta na mto aliouzoea. Anaweza kuivuka Ufaransa nzima, kutoka Calais mpaka Perpignan, bila kuhitaji mkono wa mtu. Naiheshimu hamu hiyo. Ina staha ndani yake. Lakini sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mgeni aliyekuja na kila kitu hampi mwenyeji nafasi ya kumfanyia lolote.

Bahati nzuri, tangi linajaa. Kila nyumba ya namna hii ina tangi la choo na tangi la maji ya kuoshea, na baada ya siku chache mwenyewe hana budi kuyamwaga. Huko Marekani kambi zina bomba la kupokea mpira mpana. Ulaya vituo vingi vimejengwa kwa ajili ya magari madogo, ambayo choo chake ni kisanduku cha lita kama 20 kinachochomolewa na kubebwa kwa mkono. Mwenye gari kubwa inambidi aende mapokezini, aeleze shida yake kwa Kifaransa cha kuokoteza, aoneshwe shimo lilipo, atandaze mpira, na pengine afunge pampu ya kusaga uchafu. Anafungua valvu ya choo kwanza, kisha ya maji ya sabuni ili yausafishe mpira. Jirani anamshikia ncha ya mpira isichomoke. Yule aliyejipanga asimhitaji mtu sasa ameinama na mtu asiyemjua juu ya kinyesi chake mwenyewe, na mara nyingi mazungumzo ya kwanza ya kweli katika safari yote huanzia hapo.

Njia nazo zinafanya kazi hiyohiyo. Kule Cornwall, Uingereza, vichochoro vinavyopita kati ya kingo za mawe na vichaka havikungojea gari la mita 11. Likikwama, mke anashuka kuelekeza kwa mikono. Mwenye duka anatoka, anakunja kioo cha pembeni cha gari lake, anasogeza pipa. Kwa dakika kadhaa mtaa mzima una shughuli moja. Aliye na busara haingii kabisa. Anaegesha nje ya mji na kuingia kwa miguu, akiwa mikono mitupu, kama walivyoingia mahujaji.

Wapo wanaochoka, wakauza na kununua gari la mita sita linalopita kila mahali. Siwalaumu. Wengine, hasa wastaafu kutoka kaskazini, huligeuza gari kuwa makazi ya msimu: wanateremka hadi pwani ya Hispania, kwenye kambi za karibu na Benidorm, wanashusha jeki, wanasukuma kuta nje, na gari halisogei tena kipindi chote cha baridi. Wanapeana funguo, wanalishiana mbwa, wanajua nani anaumwa goti. Tangu 2021, baada ya nchi yao kujitoa Umoja wa Ulaya, Waingereza wasio na kibali cha ukaazi wanaruhusiwa siku 90 tu katika kila 180, kwa hiyo lazima wang'oe kambi kabla ya wengine. Ninapowasikiliza wakiilalamikia sheria hiyo, jua wanaligusia kidogo. Wanawataja majirani, Mjerumani wa kulia na Mholanzi wa kushoto, watakaobaki pale hadi Machi.